Lobi Imechafuka: Tafuta Chanzo Kabla ya Kumtoa Mtu

Mwongozo huu ni wa anayeendesha lobi, yaani mahali watu wanapochezea gemu pamoja: mwenye chumba cha PlayStation Majengo au Bombolulu, adimini wa kundi la PUBG Mobile au Free Fire, mwandaaji wa tonamenti ya eFootball, kijana wa Tudor aliyekodi seva (kompyuta inayoendesha mchezo) ya Minecraft acheze na wenzake wa mtaa. Anayetengeneza gemu mwenyewe naye ana lake humu. Mchezaji wa kawaida asome akipenda, ila mengi ya haya hayamo mikononi mwake, na hapo ndipo penye hoja yangu. Tabia mbovu kwenye gemu mara nyingi huzaliwa na jinsi mahali palivyopangwa, kisha ndiyo tunamsingizia mtu moyo mbaya.

Adimini wengi wa hapa Mombasa wana dawa moja tu: toa. Katukana, toa. Kabomoa, toa. Keshoye karudi na laini nyingine na jina jipya, tena ana hasira za kutolewa. Riot Games, wenye gemu ya League of Legends, waliunda kikosi kizima cha kuchunguza tabia za wachezaji, na mwaka 2013 Jeffrey Lin aliyekiongoza alieleza walichokiona mbele ya watengenezaji gemu waliokutana San Francisco. Watukanaji sugu wapo, lakini ni wachache. Sehemu kubwa ya uchafu hutoka kwa wachezaji wa kawaida ambao siku hiyo mambo yamewaendea kombo. Maana yake ni kwamba hata ukiwatoa sugu wote leo, kelele nyingi utabaki nazo.

Kabla ya yote, daftari

Kila kisa kikitokea, andika saa, gemu na aina ya mechi (ya ranki, yaani ya kupanda au kushuka daraja, au ya kirafiki), kilichotangulia dakika mbili kabla, na alichopata mkosaji baada ya kukosa. Hilo la mwisho ndilo watu husahau. Wenzake walicheka? Mpinzani alipandwa na hasira akafungwa? Alipewa ushindi wa bure kwa kuwa mwenzake kaondoka? Tabia inayolipa hurudiwa.

Usiandike "fulani ana adabu mbovu". Andika hivi: "Ijumaa, saa nne usiku, mechi ya ranki, watu wanne. Wa kwanza kakwama mara mbili mlangoni mwa nyumba, akauawa. Wa pili akamwita takataka. Wa tatu akacheka kwenye maiki. Wa nne akatoka." Ukisoma hayo asubuhi, kichwa kikiwa kimetulia, utaona kwamba aliyetukana ni mmoja lakini walioivunja mechi ni watatu, na kilichowasha moto ni mtandao.

Dalili: matusi yanaruka ndani ya timu moja, hasa mtu akifa mapema

Angalia pingi kwanza, yaani muda ambao data huchukua kwenda kwenye seva na kurudi. Mombasa ndiko zinakotua nyaya za intaneti za chini ya bahari: SEACOM na TEAMS tangu mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata, kisha LION2 na PEACE. Lakini waya kutua pwani yetu si sawa na seva kuwa pwani yetu. Seva za gemu nyingi kubwa ziko Ulaya, Mashariki ya Kati au Afrika Kusini. Mwanga ndani ya waya husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo seva iliyo umbali wa kilomita 10,000 za waya hukugharimu milisekunde 100 kwenda na kurudi, hapo waifai ya nyumbani haijaongeza zake na ndugu yako chumba cha pili hajaanza kupakua filamu. Waya ukikatika, mambo huwa mabaya zaidi. Februari 2024 nyaya zilikatika Bahari ya Shamu, na Mei mwaka huohuo EASSy na SEACOM zikakatika upande wa kusini. Data ikawa inazungushwa njia ndefu, na kila lobi ikajaa watu waliosimama wima wakipigwa risasi.

Tatizo ni kwamba mchezaji haoni pingi ya mwenzake. Anachoona ni mtu hasogei, naye anatoa hukumu: mzembe huyu, ametuuza. Kumbe mwenzake anabonyeza mpaka kidole kinauma.

Kwa hivyo, kabla ya mechi ya kikundi kuanza, kila mtu ataje pingi yake kwa sauti. Inachukua nusu dakika. Aliye na pingi mbaya apewe kazi isiyotaka wepesi, aendeshe gari au abebe dawa, au asubiri mechi ya kirafiki. Seva nayo ichaguliwe kwa kupima wala si kwa kuangalia ramani, kwa sababu nchi iliyo karibu kwa ndege inaweza kuwa mbali kwa waya. Kama wewe ndiye unayetengeneza gemu, weka alama ya mtandao kando ya jina la kila mchezaji, ionekane na timu nzima. Ni kialama tu, lakini hugeuza "mzembe" kuwa "mtandao umemkwamisha".

Pingi ikiwa safi kwa wote na matusi bado yapo, tazama uwezo. Umewachanganya waliocheza miaka mitano na mtoto aliyepakua gemu juzi, tena kwenye mechi ya ranki ambapo kosa la mmoja hushusha wote? Umetengeneza kesi kwa mkono wako. Tenga usiku wa ranki na usiku wa kucheza tu, na ulitangaze hilo mapema, ili anayekuja ajue amekuja kufanya nini.

Riot walijaribu jambo jingine hapa: vidokezo kwenye skrini mechi inapopakia. Kimoja kiliwaambia wachezaji kwamba mwenzako hucheza vibaya zaidi ukimsumbua baada ya kukosea. Kikiandikwa kwa rangi nyekundu, matusi yalishuka kwa asilimia 6 hivi na lugha chafu kwa asilimia 11. Si muujiza, lakini ni maneno ya mstari mmoja yasiyogharimu kitu. Mimi rangi nisingeitilia maanani sana, ningeiga wakati. Kidokezo kile kilisomwa damu ikiwa bado baridi, ilhali adimini wetu hutuma kanuni ndefu kwenye kundi baada ya watu kuvuana nguo.

Dalili: matusi yanakwenda kwa wapinzani

Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Zima chati ya wapinzani, yaani ile ya kuandikiana na timu pinzani, iwe imezimwa tangu mwanzo, na anayeitaka aende mwenyewe kwenye mipangilio aiwashe. Riot walipofanya hivyo, uchafu kwenye chati hiyo ulipungua kwa zaidi ya asilimia 30 na maneno mazuri yakapanda karibu asilimia 35, na bado watu waliendelea kuzungumza takriban kama zamani. Hakuna aliyenyimwa mdomo. Kilichoongezwa ni hatua moja ndogo kati ya hasira na kibodi, na hasira nyingi hazina subira ya kufungua mipangilio.

Usidhani kupunguza maneno kunatosha. Hearthstone ya Blizzard, iliyotoka mwaka 2014, haikumpa mchezaji njia ya kumwandikia mpinzani asiyemjua. Alipewa salamu chache tu za kubonyeza. Watu wakageuza hata "asante" kuwa kejeli, kwa kuibonyeza mwenzao anapokosea. Blizzard walilijua hilo ndiyo maana kuna kitufe cha kumnyamazisha mpinzani. Kwenye mpira ni vilevile: EA, wenye gemu za FIFA, waliondoa mshangilio wa kujiwekea kidole mdomoni kumnyamazisha mpinzani kwenye FIFA 21, wakapunguza pia nafasi za kupoteza muda baada ya goli. Walioponda uamuzi ule walisema mpira ni kejeli. Sawa, lakini kwenye mpira wa kweli huwezi kumlazimisha beki asimame atazame marudio ya goli ulilomfunga.

Kwa tonamenti zetu, andika kanuni fupi: marudio yanarukwa, kupumzisha mechi ni mpira ukiwa nje, na anayekaa na mpira nyuma huku anaongoza mabao mawili haadhibiwi, kwani huo ni mchezo halali hata kama unakera. Kanuni isiyotenganisha kukera na kuvunja sheria huzaa kesi mpya kila usiku.

Kwenye vyumba vya PlayStation, tazama bei. Pale ambapo anayefungwa ndiye anayelipa na mshindi anabaki kwenye kiti, utasikia kelele kwenye kila faulo, na stima ikipotea dakika ya themanini chumba kinageuka mahakama. Jaribu kutoza kwa dakika, kila mtu alipe nusu yake kabla hajashika pedi. Ubishi utabaki, maana bila ubishi hakuna mpira, lakini utakuwa ubishi wa mpira badala ya pesa. Mwenye chumba asiyetaka kubadilisha bei kwa kuwa "ndivyo vijana walivyozoea" basi asilalamikie pedi zilizorushwa ukutani.

Dalili: msichana akifungua maiki, lobi inageuka

Wapo wasichana wengi wanaocheza usiku wakiwa kimya, kwa majina ya kiume, na wenzao wa timu hawajui. Ukiuliza wanaume wa lobi watakuambia "wasichana hawachezi hii". Wanacheza. Wamejifunza tu gharama ya kusema "adui kulia".

Jambo hili limepimwa. Watafiti Jeffrey Kuznekoff na Lindsey Rose walicheza gemu ya Halo 3 na watu wasiowajua, wakitumia sauti zilizorekodiwa, ya kiume, ya kike, au bila sauti, maneno yakiwa yaleyale yasiyo na ubaya. Sauti ya kike ilipata maneno mabaya yaliyoelekezwa kwake mara tatu ya sauti ya kiume. Mwaka 2015 Kuznekoff na Michael Kasumovic wakachapisha uchambuzi mwingine wa mechi za Halo 3: waliokuwa wakimshambulia mwanamke zaidi ni wanaume wenye uwezo mdogo kwenye gemu, wenye uwezo mkubwa walikuwa wapole kwake. Hilo linapaswa kukuonyesha pa kutazama. Anayeanza maneno aghalabu si nyota wa skwadi. Ni yule aliye chini ya orodha, anayeona nafasi yake inachukuliwa.

Kosa la kwanza la adimini hapa ni kumwambia msichana azime maiki "ili mambo yatulie". Hapo umemwadhibu aliyeonewa, na kila mtu kasikia. Kosa la pili ni kusubiri tusi kamili. Mambo huanza mapema, kwa maneno yanayojifanya sifa: "sauti tamu hiyo, dada", "uko wapi, Nyali?", "tuma namba". Hakuna tusi hapo, na bado mwenzetu hawezi kucheza. Kanuni yako itaje hayo kwa majina: kwenye maiki ya mechi, mtu haulizwi umri wake, anakokaa wala namba yake ya simu. Ikiandikwa hivyo huhitaji kubishana na mtu kuhusu nia yake.

Kisha adimini, au mchezaji anayeheshimiwa, ajibu sekunde zilezile za kwanza, kwa sauti ya kawaida: "Ndugu, tuko mechi. Yuko nani darajani?" Usihutubu. Mara nyingi sentensi hiyo moja inatosha, kwa sababu anayeanza anapima hewa. Akisikia kimya anaendelea, akisikia mwanamume mwenzake amemkatiza anarudi kwenye mchezo. Asiporudi, nyamazisha maiki yake kwa mechi nzima, na mwache aendelee kucheza. Lobi ya wasichana watupu ni jambo zuri kwa wanaoitaka, mradi isiwe ndiyo jibu lako pekee, maana hapo umewahamisha wao na umewaachia uwanja waliowafukuza.

Watakuja na "ni utani tu". Utani una watani wake. Watu wasiojuana hawajafungishana utani.

Dalili: mtu anatoka katikati ya mechi

Kuna stima, kuna bando, kuna mama anaita, kuna adhana, na kuna hasira. Daftari litakutenganishia. Anayeangushwa na stima au bando hupotea hata timu yake ikiwa inaongoza. Anayetoka kwa hasira hupotea sekunde chache baada ya goli la tatu, au mara tu anapouawa, na jina lake huonekana lobi nyingine dakika hiyohiyo.

Wa kwanza mpe njia ya kurudi: dakika tano za kujiunga tena bila adhabu. Wa pili mwongezee muda wa kukaa nje kila anaporudia, kama zinavyofanya Rocket League na nyinginezo kwenye mechi za ushindani, ambapo mara ya kwanza ni dakika chache na zinazofuata ni ndefu zaidi. Adhabu ya kwanza iwe ndogo makusudi. Kumfungia mtu mwezi mzima kwa kosa moja ni kumfundisha kufungua akaunti mpya.

Lakini ratiba ni yako. Ukianzisha mechi ya dakika thelathini robo saa kabla ya Magharibi, kisha ukawaandika vijana kwamba wametoroka, aliyekosea ni wewe. Ramadhani panga mechi baada ya Tarawehe, na uone "watoro" wanavyopungua wenyewe.

Dalili: anaua wenzake, anabomoa kazi za watu

Hapa kidogo kuna wanaofurahia tu kuona mwenzao akiumia. Richard Bartle, mtaalamu wa gemu aliyechora aina nne za wachezaji mwaka 1996, aliwapa nafasi yao wale ambao raha yao iko katika kuwaelemea wengine. Kundi hilo halibembelezwi kwa vidokezo. Kinachosaidia ni kuiondoa ile raha.

Rainbow Six Siege ilifanya hivyo kwa ustadi mwaka 2019. Ukimuua mwenzako, yeye huulizwa kama ulikusudia. Akithibitisha, kuanzia hapo risasi unayompiga mwenzako inakuumiza wewe. Huna cha kufurahia tena, na hakuna adimini aliyeitwa. Nakipenda kifaa hiki kwa sababu kinamwachia aliyeumizwa aamue kama ilikuwa bahati mbaya.

Wenye gemu ya Journey, iliyotoka mwaka 2012, walikwenda mbali zaidi. Kwenye majaribio wachezaji waliweza kusukumana, wakawa wanasukumana mashimoni. Watengenezaji wakaondoa kugusana kabisa, nguvu ya kusukuma ikawa haipo, na wachezaji walewale wakaanza kusindikizana.

Kwa seva ya Minecraft, usilale bila programu-jalizi ya kumbukumbu kama CoreProtect. Unagonga tofali palipokuwa na ukuta, nayo inakuonyesha nani alilivunja na lini. Unaandika amri moja na nyumba inarudi ilivyokuwa. Aliyetumia saa mbili kubomoa anaona kazi yake imefutwa kwa sekunde kumi. Raha yake imekwenda, na hakuna aliyelia hadharani ili yeye acheke. GriefPrevention nayo humwezesha kila mtu kuwekea mpaka kiwanja chake. Ukiwa nazo zote mbili, kesi za ubomozi zitakufikia chache sana.

Kama seva yako ina wanaotaka vita na wanaotaka amani, usiwapatanishe, wagawie ardhi. Gemu ya Ultima Online, iliyoanza mwaka 1997, ilihangaika na wauaji wa njiani mpaka mwaka 2000 ilipougawa ulimwengu wake kuwa Felucca ya vita na Trammel ya amani.

Dalili: kichujio kinapitisha matusi na kuzuia maneno safi

Vichujio, yaani programu za kuzuia maneno machafu kwenye chati, vingi vimetengenezewa Kiingereza, ambako neno husimama peke yake. Kiswahili hubandika mbele na nyuma. Ukikipa kichujio neno "mjinga" kikatafuta neno zima, "wajinga", "kijinga" na "ujinga wako" vinapita vikipunga mkono. Ukikiambia basi kitafute vipande vya maneno, lipo tusi moja la herufi nne, kila mtu analijua, ambalo ndilo mwanzo wa "kumaliza" na "kumalizia". Kesho hakuna atakayeweza kuandika kwamba mechi inakaribia kumalizika bila kuonywa.

Fanya orodha mbili: ya mizizi ya kukamata pamoja na viambishi vyake, na ya maneno safi ya kuachiwa. Orodha ya kwanza itengenezwe na mtu wa hapa, maana tusi la Mji wa Kale si lazima lifanane na la Changamwe, na Sheng hubadilika kila muhula wa shule. Kichujio kikikamata neno, kisimfungie mtu. Kimpelekee adimini alisome na mazungumzo yake. "Nimekuua, mbwa wewe" kati ya marafiki wa miaka kumi ni kitu kimoja, na kwa mgeni ni kingine.

Kuna aina moja isiyosubiri muktadha: kumsema mtu kwa kabila lake, dini yake, au lile la "nyinyi wa bara" na "nyinyi wa pwani" linaloibuka kila uchaguzi ukikaribia. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 inaihesabu chuki ya kikabila kuwa jinai, na kuwa kwenye gemu si kinga. Hilo mtoe mtu mara moja na usichoke kusema kwa nini.

Dalili: kuna mtu anacheza na chiti

Nitapita haraka, kwani chiti, yaani programu ya kudanganyia kwenye gemu, ni ufundi zaidi ya tabia. Jambo moja la kukumbuka: adhabu ya tusi iwe ya papo hapo, ya chiti inaweza kungoja. Valve, wenye gemu ya Dota 2, hufungia wenye chiti kwa mafungu na kwa kuchelewa ili wauza chiti wasijue kilichowafichua. Februari 2023 walifungia akaunti zaidi ya 40,000 za Dota 2 kwa mkupuo, baada ya kutega data ambayo mchezaji safi hawezi kuisoma. Titanfall, mwaka 2014, iliwakusanya wenye chiti wachezeane wao kwa wao. Kwenye tonamenti ndogo huna mitambo hiyo. Mtake mtuhumiwa acheze mechi moja kwenye simu yako, mbele ya watu.

Dalili: ripoti zinamiminika, hali ni ileile

Uliza maswali mawili. Aliyeripoti alijibiwa? Aliyeadhibiwa aliambiwa nini?

Asiyejibiwa huacha kuripoti, na akiacha anaanza kujichukulia sheria. Jibu la mstari mmoja linatosha: "Tumelishughulikia, dada, asante." Huna haja ya kumweleza adhabu yenyewe.

Kwa aliyeadhibiwa, linganisha barua hizi mbili. Ya kwanza: "Umefungiwa kwa kuvunja kanuni." Ya pili: "Ndugu, jana saa nne na robo usiku ulimwambia mwenzako maneno haya," yakifuatwa na maneno yenyewe, "basi maiki yako imefungwa hadi Jumapili. Mechi unaruhusiwa." Ya kwanza humwacha akijihesabu ameonewa. Riot waliona kwamba waliotolewa kwenye mchezo bila kuelezwa sababu waliharibika zaidi, na walioonyeshwa maneno yao wenyewe walirekebika zaidi. Tangu mwaka 2011 walikuwa na Tribunal, baraza ambalo wachezaji wenyewe walisoma kesi na kupiga kura. Lilikuwa na haki lakini lilikwenda polepole, na kufikia mwaka 2015 walikuwa wakijaribu mfumo wa kutoa majibu ndani ya dakika 15 baada ya mechi.

Angalia pia ripoti za genge. Skwadi ya watu wanne ikimripoti mgeni mmoja dakika ileile, hesabu hiyo kuwa ripoti moja. Na ukiona rafiki zako hawamo kwenye daftari hata siku moja, mpe mtu mwingine alishike mwezi ujao.

Mwisho wa haya, wapo wanaosema dawa ni watu kutumia majina yao ya kweli. Blizzard walitangaza jambo hilo kwa majukwaa yao ya mazungumzo Julai 2010, wachezaji wakapinga kwa kuogopa kufuatwa majumbani, na siku chache baadaye likaondolewa. Mimi naona jina la kwenye kitambulisho si kitu. Meza ya keram ya barazani haina adimini, na wengi pale hujulikana kwa majina ya utani. Inajiendesha kwa kuwa kesho watu ni walewale na zamu ya kucheza hutoka kwao. Kwa hivyo mtu awe na jina lolote alipendalo, ila asilibadilishe kila wiki, na upange mechi ili wakutane tena na tena. Lobi ya wapita njia haina cha kumpokonya mtu.

Yasiyotatuliwa humu

Mtu akitishia kumdhuru mwenzake, akisambaza picha zake, au mtu mzima akimwomba mtoto picha au kukutana naye pembeni, weka daftari chini. Hilo si la kuonya wala la kumnyamazisha mtu maiki. Usifute kitu. Piga picha za skrini zinazoonyesha jina, namba ya akaunti, tarehe na saa, kisha ripoti kwenye gemu yenyewe na kwa polisi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta, kifungu cha 27, inaweka adhabu ya unyanyasaji wa mtandaoni hadi faini ya shilingi milioni 20, kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Kwa mambo ya watoto kuna laini ya 116, ambayo hupigwa bila malipo.

Mzazi umpigie simu wewe mwenyewe. Asilisome kwenye kundi. Na mtoto usimtoe kwenye lobi siku hiyo, maana ataelewa kwamba aliyeadhibiwa kwa kusema ni yeye.